Kompyuta ya shilingi milioni tatu: Kwa nini Bwizibwera kadi ya michoro hununuliwa mwisho

Na Mwandishi Wetu, Bwizibwera

Ni saa mbili na nusu usiku, Jumamosi. Katika chumba kimoja nyuma ya maduka ya Bwizibwera, mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Mbarara kwenda Ibanda, vijana wanne wamebanana kitandani wakiikodolea macho skrini. Kila mmoja ameshataja timu yake. Mchezo haufunguki.

Mwenye kompyuta ni rafiki yangu, Mkongomani wa Bukavu aliyeishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale kabla ya kupanga chumba hapa. Riziki yake ni picha na video za harusi. Vijana wale ni wadogo zake, wamekuja kutoka Base Camp, Nakivale, kwa ajili ya mechi za EA Sports FC 24 walizoahidiwa tangu mwezi uliopita.

"Kaka, karte grafike nilinunua ile ile waliyoandika," ananiambia, huku akinionyesha kwenye simu orodha ya mahitaji ya mchezo. Ni kweli. Orodha inasema kiwango cha chini ni GTX 1050 Ti. Na sanduku lililo juu ya kabati limeandikwa hivyo hivyo: GTX 1050 Ti, GB 4.

Nilikuwa na flashi yenye programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z. Kazi yake ni kuisoma chipu yenyewe, isiamini jina ambalo kadi inajitangaza. Ikafunguka. Mbele ya jina la kadi palikuwa na neno moja la Kiingereza ndani ya mabano, na maana yake ni bandia.

Chipu iliyokuwa ndani ni ya ukoo wa Fermi, wa mwaka 2010. Mtu alichukua kadi kuukuu ya GTS 450, akafuta programu yake ya ndani, akaiandikia jina la kadi iliyotoka 2016, akaifunga kwenye sanduku linalong'aa. Hata kwa jicho ilijisema: nyuma yake kulikuwa na tundu la VGA, na chipu halisi za 1050 Ti hazitoi tena mawimbi ya VGA.

Chumba kilinyamaza. Mdogo wao wa mwisho akauliza kama basi wangeweza kucheza San Andreas. Wakacheza San Andreas, mchezo wa mwaka 2004, mpaka taa ya chumba ilipofifia mara mbili na mashine ikazimika yenyewe.

Usiku ule rafiki yangu aliniomba nimchagulie mashine nyingine, kipuri kwa kipuri. Skrini, kibodi na kipanya anavyo. Akiba yake ni shilingi milioni 3 za Uganda, yaani dola 800 na ushei. Nilikubali, na kwa wiki kadhaa nikawa naulizia kwa mafundi wa Mbarara na wauzaji wa Kampala. Niliyoyakuta ni zaidi ya orodha ya vipuri.

Milioni tatu mbele ya sufuria

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yalianza mwaka 1958 kwa Wanyarwanda waliokuwa wakikimbia machafuko ya kwao. Leo, katika wilaya ya Isingiro, ni makazi ya zaidi ya watu 100,000: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine. Kiswahili cha Kongo utakisikia sokoni kabla hujasikia Kinyankore.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kufungua biashara na kwenda anakotaka nchini. Ndiyo maana rafiki yangu yuko Bwizibwera na kamera yake, hajakaa kusubiri mgao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakiongozwa na Alexander Betts, waliandika mwaka 2014 kuhusu uchumi wa wakimbizi wa Nakivale, Kyangwali na Kampala, na wakaonyesha kwamba watu hawa ni wafanyabiashara, waajiri na watumiaji wa teknolojia kama raia wengine.

Hata hivyo, dada mkubwa wa rafiki yangu, anayeishi Base Camp, hakuipokea vizuri habari ya kompyuta. Aliuliza milioni tatu ni magunia mangapi ya unga. Swali lake lina uzito. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwaondoa wakimbizi wapatao milioni moja wa Uganda kwenye orodha ya msaada wa chakula kwa sababu fedha zimekauka. Katika kaya yake wapo walioondolewa kwenye orodha hiyo.

Simlaumu dada. Lakini namkumbuka Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza kwa miaka mitatu mpaka akapata dola 300, akamnunulia kompyuta ya mapakato. Kijana alikuwa akitembea kwa saa kadhaa kwenda kuichaji. Alianza kwa kucheza Grand Theft Auto: Vice City, akajifunza kutengeneza michezo, akabuni mchezo wake wa amani uitwao Salaam. Mwaka 2018 alitambuliwa mbele ya dunia kwenye tuzo za The Game Awards huko Marekani.

Mama yule naye angeweza kununua unga.

Tulikubaliana jambo moja ambalo lilimtuliza dada: mashine itakayonunuliwa lazima ihariri harusi mchana ndipo ichezewe mpira usiku. Kigezo hicho kilibadilisha orodha nzima, kama utakavyoona.

*Mashine itakayonunuliwa lazima ihariri harusi mchana ndipo ichezewe mpira usiku.*

Ubishi wa mafundi

Mafundi wengi wa Mbarara niliozungumza nao wana msimamo mmoja: usijenge, nunua sanduku la ofisini lililotumika. Wanamaanisha Dell OptiPlex au HP EliteDesk, mashine zilizofanya kazi kwenye ofisi za Ulaya, zikastaafishwa, zikafika huku kwa makontena. Unachomeka kadi ndogo kama GTX 1650, unacheza.

Hoja yao si ya kudharau. OptiPlex 7060 ya mwaka 2018 yenye prosesa ya i5-8500 ina viini sita na inakubali Windows 11 bila ujanja. Hilo ni muhimu, maana Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. GTX 1650 nayo, katika matoleo mengi, inakula wati 75 tu, kiasi ambacho tundu la mazabodi linatoa bila waya wa ziada.

Lakini sanduku la ofisini lina ukuta, na ukuta huo huuoni dukani. Pawa saplai yake ina plagi za kampuni yenyewe ambazo haziingiliani na za kawaida; ikifa, huendi duka la jirani ukachukua nyingine. Ukitaka kadi yenye nguvu zaidi, haina waya wa kuilisha. Na ukibebeshwa lile sanduku jembamba, linakubali kadi fupi tu. Nimeona watu wakiwa na kadi nzuri mkononi na kasha lisiloweza kuimeza.

Kwa mwenye shilingi milioni moja na kitu, bado ningemshauri achukue sanduku la ofisini, lile pana, kizazi cha nane kwenda juu. Vizazi vya nyuma, i5 ya kizazi cha nne kwa mfano, bei yake inavutia lakini Windows 11 haivitambui rasmi.

Wauzaji wa Kampala wanasema kinyume. Kwao milioni tatu ni fedha ya kujenga kitu kipya: prosesa ya Ryzen 5 5600, kadi ya RX 6600, RAM ya GB 16, SSD, kasha la kioo lenye taa za rangi. Kwa kasi ya michezo, wako sahihi. Mashine hiyo itaendesha FC, GTA V na Counter-Strike 2 kwa raha katika skrini ya kawaida ya 1080.

Kasoro ni kwamba orodha yao imetungwa kana kwamba Kampala ndiyo Uganda yote. Kutoka Kampala hadi Mbarara ni kama kilomita 270, na Bwizibwera bado iko mbele. Kipuri kikiharibika kinarudishwa kwa basi, kinakaa kwenye foleni ya dhamana, kinarejea kwa basi. Wakati huo bibi harusi anataka video yake.

Soketi ya ukutani

Kabla ya kuandika hata kipuri kimoja, nilimwomba fundi umeme wa hapa Bwizibwera aje na mita yake. Tukaiweka kwenye soketi ya chumba kuanzia jioni. Umeme wa Uganda unatakiwa uwe volti 240. Watu walipowasha taa, pasi na majiko, mita ikashuka chini ya 190, ikapanda, ikashuka tena.

Hapo tukapata jibu la kwa nini mashine ilizimika katikati ya San Andreas. Nyuma ya kasha lake pana swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Pawa saplai ya aina hiyo ni ya zamani au ya bei ya chini sana. Ukiiweka kwenye 230 inategemea umeme uwe karibu na hapo. Ukishuka mno, inakata.

Pawa saplai nzuri ya leo haina swichi hiyo. Pembeni imeandikwa inapokea volti 100 hadi 240, na kweli inazipokea zote, inajirekebisha yenyewe. Taa ya chumba inaweza kufifia ikawa ya manjano na mashine isijue. Ndiyo maana kipuri cha kwanza nilichokiandika kwenye karatasi kilikuwa hicho: pawa saplai mpya ya wati 550, yenye alama ya 80 Plus, ya kampuni inayojulikana, isiyo na swichi nyekundu.

Vijana hawapendi kusikia hivyo. Pawa saplai haionekani kwenye skrini wala haiongezi hata picha moja kwa sekunde. Lakini ikiwa mbovu, siku inapokufa huondoka na mazabodi na kadi.

*Taa ya chumba inaweza kufifia ikawa ya manjano na mashine isijue.*

Cha pili ni UPS yenye kirekebisha volti ndani yake. Hapa watu hudanganywa na namba. UPS ya VA 1,000 kwa kawaida hubeba wati 600 hivi, si 1,000, soma wati. Haikusudiwi kucheza gizani. Inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, nayo inameza mitetemo ya umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika.

Tangu tarehe 1 Aprili 2025 usambazaji wa umeme umerudi mikononi mwa kampuni ya serikali, UEDCL, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni iitwayo Umeme kumalizika. Wakazi wana maoni yao juu ya mabadiliko hayo. Mimi nilishughulika na jambo dogo zaidi: waya wa ardhi. Soketi ya chumba ilikuwa na matundu matatu kama kawaida, lakini la ardhi halikuunganishwa na kitu. Ukigusa kasha la chuma, vidole vinawasha. Fundi aliufunga waya ule kwa nusu siku. Kwenye nchi ya radi kama hii, kazi hiyo ingetangulia hata kama hakuna kompyuta.

Na gharama ya kuiendesha? Mashine tuliyokuwa tunaifikiria, pamoja na skrini, itakula wati 250 hivi mchezo ukiwa umepamba moto. Saa nne kwa siku ni yuniti moja ya Yaka, umeme wa kulipia kabla, na yuniti ya nyumbani ni takriban shilingi 800. Kwa mwezi ni kama shilingi 24,000. Rafiki yangu aliiandika kwenye daftari lake la biashara, safu ya matumizi.

Wadogo zake wa Nakivale waliuliza kama nao wangeweza kuwa na mashine kama hiyo. Kwao jibu ni tofauti, kwa sababu nyumba yao inategemea sola. Betri moja ya Ah 100, volti 12, ina akiba ya Wh 1,200 kwenye karatasi, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Mashine ya wati 250 itaimaliza nusu hiyo kwa saa mbili. Mashine isiyo na kadi, inayotegemea michoro ya ndani ya prosesa kama Ryzen 5 5600G, inaweza kukaa chini ya wati 100 pamoja na skrini na kucheza zaidi ya saa tano. Michezo itakuwa ya kiwango cha chini, lakini itachezeka. Kwa Base Camp, hiyo ndiyo kompyuta ya michezo, au mapakato.

Herufi moja ya F

Nikarudi kwenye prosesa. Hapa ndipo nilipotofautiana na karibu kila muuzaji.

Prosesa ya Intel i5-12400 ina ndugu yake, i5-12400F. Zote zina viini sita, kasi ni ile ile, zilitoka pamoja Januari 2022. F ni nafuu kidogo, kwa hiyo wauzaji humpa mchezaji F bila hata kumwuliza. Herufi hiyo maana yake prosesa haina michoro ya ndani. Ryzen 5 5600 nayo haina, ingawa jina lake halina herufi ya kukuonya.

Kwa kijana wa Kampala au Nairobi aliye na duka la vipuri mtaa wa pili, F ni busara ya kuokoa fedha. Kwa rafiki yangu ni hatari. Kadi ikifa siku ya Ijumaa, mashine yenye F haiwashi hata skrini, na harusi ya Jumamosi haina mhariri. Mashine isiyo na F unahamisha waya wa skrini kutoka kwenye kadi kuupeleka kwenye mazabodi, unaendelea na kazi. Ni gurudumu la akiba, na anayesafiri barabara za kwetu hathubutu kuliacha nyumbani.

Kuna faida ya pili kwa mtu wa video. Michoro ya ndani ya Intel ina sehemu maalumu ya kufungua na kufunga faili za video, na programu nyingi za kuhariri hujua kuitumia. Klipu za kamera yake zilizokuwa zikikwamakwama zinapita bila kusubiri.

Na faida ya tatu, ambayo ndiyo iliyoamua: mashine isiyo na F inaweza kuanza kazi bila kadi kabisa. Fedha ya mkimbizi haiji kwa mkupuo. Inakuja harusi kwa harusi. Mashine ianze kuingiza fedha mwezi huu, kadi inunuliwe kwa faida yake.

Nikaulizwa mbona si kizazi kipya zaidi, cha 13 au 14. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa za vizazi hivyo, hasa zile za nguvu kubwa, zilikuwa zikiharibika kwa sababu ya volteji. Walitoa marekebisho. Kizazi cha 12, cha hiyo i5-12400 niliyoichagua, hakikuwamo, nacho kinakubali mazabodi za RAM ya DDR4. Sikuona sababu ya kutafuta zaidi.

*Fedha ya mkimbizi haiji kwa mkupuo. Inakuja harusi kwa harusi.*

Mtumba upi, mpya upi

Kuhusu RAM, wakati umetukalia vibaya. Tangu mwishoni mwa 2025 bei imeruka duniani kote, kwa sababu viwanda vichache vinavyotengeneza kumbukumbu vinazielekeza chipu zake kwenye mitambo ya akili bandia, huku vikipunguza DDR4. Kipuri ambacho zamani ulikiongeza bila kufikiri sasa kinakula sehemu nene ya bajeti.

Kwa hiyo tulinunua RAM iliyotumika. Naona watu wengi wanaogopa mtumba mzima au wanaukumbatia mzima, na yote mawili ni makosa. RAM ni kipuri ambacho aghalabu kinafanya kazi au hakifanyi. Ukiipima usiku mmoja unajua. Prosesa hali kadhalika, ni nadra kufa yenyewe. Kasha ni bati tu. Hivyo vitatu nunua vilivyotumika bila wasiwasi mkubwa.

Pawa saplai kamwe. SSD vilevile, kwa sababu ina idadi ya maandishi inayoweza kubeba maishani mwake, na aliyeiuza anajua ni kiasi gani kimeshatumika. Wewe hujui mpaka uisome kwa programu.

Tukapata vipande viwili vya GB 8, tukakataa kimoja cha GB 16 alichotusihi muuzaji. Viwili vinafanya kazi sambamba, prosesa ikachota kwa mikono miwili. Na michoro ya ndani, ambayo haina kumbukumbu yake yenyewe, inahisi tofauti hiyo kuliko kitu kingine chochote.

SSD tulichukua ya TB 1. FC 24 peke yake inadai GB 100. Tangu Julai 2021 kila data unayonunua Uganda ina ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii. Kupakua mchezo mmoja kwa vifurushi vya simu ni fedha ya kweli. Vijana wa Bwizibwera na Nakivale wanajua dawa yake: mmoja anapakua, wengine wananakili faili kwa diski ya mkononi, kila mtu anaingia kwa akaunti yake aliyoilipia na kupakua kipande kilichobaki tu.

Kadi, mwisho kabisa

Imebaki kadi, ambayo kila mtu huanza nayo. Tuliyoichagua ni RX 6600, ya Oktoba 2021, kumbukumbu GB 8, ulaji wa wati 132. RTX 3060 ya mwaka ule ule ina GB 12 na inapendwa na wahariri wa video, lakini inakula wati 170 na watu hawaiachi kwa bei ndogo. Kwa umeme wa chumba kile, na kwa kuwa prosesa imeshabeba mzigo wa video, nilisimama na ya kwanza.

Itakuwa iliyotumika, kwa sababu mpya inapita kilichobaki mfukoni. Na soko la kadi zilizotumika linahitaji macho. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za michoro, na kadi zilizokuwa zikiwaka usiku na mchana kwa miaka zikamwagwa sokoni duniani. Nyingi bado zinazunguka. Si zote mbovu, ila feni zake zimechoka.

Kuna pia kadi zenye jina la kweli na nguvu pungufu. RX 580 ya kawaida ina viini 2,304. Kuna toleo lililotengenezwa kwa soko la China lenye 2,048, na wauzaji huku wanaliita RX 580 tu. Siyo bandia, ila siyo ile uliyoisoma.

Namna ya kununua ni moja. Nenda na flashi yenye GPU-Z. Mwambie muuzaji aichomeke mbele yako. Soma jina, soma idadi ya viini, linganisha na tovuti ya mtengenezaji. Kisha iendeshe kwa mchezo mzito nusu saa nzima, ukisikiliza feni na kutazama joto. Risiti iandikwe namba ya kadi, si "kadi ya kompyuta" peke yake. Risiti ya rafiki yangu kwa ile kadi ya kwanza iliandikwa hivyo, na aliporudi nayo hapakuwa na la kumshika muuzaji.

Anayekataa kuichomeka, mwachie kadi yake.

Hali ilivyo

Vipuri vilifika kwa basi hadi Mbarara siku ya Jumatano, tukavichukua kwa bodaboda. Tuliifunga mashine mezani kwake Bwizibwera, mlango ukiwa wazi na watoto wa jirani wamejaa kizingitini. Iliwaka mara ya kwanza. Jioni taa zilififia kama desturi yake, skrini haikutikisika.

Rafiki yangu ameshakabidhi harusi mbili zilizohaririwa kwayo. Dada yake alikuja kuiona, akakaa kimya kwa muda, akaomba aonyeshwe video ya harusi ya binti wa jirani yake wa Base Camp. Akaitazama yote.

Fedha ya kadi imebaki pembeni, haijatimia. Inakosa kama malipo ya harusi moja, na Desemba ni msimu. Wadogo zake wameambiwa waje likizo.

Ile kadi bandia bado anayo. Kijana mmoja alitaka kuinunua, akasema ataipatia mteja mahali pengine. Rafiki yangu alikataa. Iko kwenye droo, imeandikwa juu yake kwa kalamu nene: MBAYA, ISIUZWE.